Nitarudi Thelathini na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Xavery, huna haya. Mwaka mmoja na miezi minne! Hata yule mbwa wa jirani yetu Qamara, aliyepotelea msituni akifukuza nguruwe, alirudi baada ya wiki tatu. Sikio moja halikuwepo, lakini alirudi. Wewe una masikio mawili na simu mbili, na kila nikikupigia unaniambia, "Nitarudi, Aama, nitarudi." Bibi yako si mtoto wa kubembelezwa kwa pipi. Nimechoka na simu. Nikianza kusema kweli, mtandao wako wa Mwanza unakatika. Basi nakuandikia kwenye daftari, maana daftari halikatiki.

Usicheke mwandiko. Sikuingia darasani hata siku moja, unajua. Herufi nilifundishwa na katekista nikiwa na mimba ya baba yako Martini, na nusu nilizisahau siku ya kujifungua. Nitaandika masika yote, siku yenye jambo na siku isiyo na jambo. Mvua zikiisha nitampa Edna akuletee.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wako Edna amefika jana na kompyuta yake. Lazaro, mkuu wa ofisi ya zahanati hapa Karatu, amempa kazi ya kusafisha ile programu yako ya Java, ile inayobeba wito wa zahanati za mbali mpaka Karatu ili gari la wagonjwa litumwe. Ana masika haya tu. Mwisho wa Mei kamati inakaa. Kama programu bado inaangukaanguka wataizima, na manesi wa Samunge na Ololosokwan watarudi kupanda kilimani kutafuta mtandao wa simu huku mgonjwa amelala chini.

Hayo ni ya kamati. Mimi nataka kujua jambo moja. Alasiri ile ya Novemba, Naserian wa Enguserosambu alikuwa anajifungua, nesi akabonyeza kuita gari, gari halikuja, mtoto akafa. Kosa lilikuwa la nani? Watu walisema ni lako. Wewe ukafunga begi ukaondoka bila kuniaga, nikakuta kitanda kimetandikwa. Tangu siku hiyo nimesema kanisani na sokoni kwamba si lako, ni la Lazaro na ubahili wake. Nimesema kwa sauti kubwa. Sasa nataka kujua kama nilisema kweli.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Edna amekaa tangu chai ya asubuhi mpaka giza. Jembe hajaligusa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeaibika, nakuambia tu kwa sababu najua utacheka. Edna alikuwa anaongea peke yake, mikono kichwani. "Soketi zote ziko wazi! Huyu mtu hafungi soketi! Hata moja!"

Nikasema moyoni, kweli, na radi hiyo inakuja. Nikaenda ukutani, nikazima soketi ya chumbani, nikazima ya sebuleni, na waya uliokuwepo nikauchomoa.

"Aama! Umefanya nini?"

"Nimefunga soketi. Kelele hazifungi kitu."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe nimezima kile kidude cha intaneti, na alikuwa katikati ya kuongea na ofisi. Nikamwambia kama ni soketi nyingine aseme ni nyingine, asitishe wazee.

Akanieleza vizuri, mtoto huyu ana subira kuliko wewe. Kila zahanati ina kisanduku chake. Kisanduku kikitaka kusema kinapiga hodi Karatu. Karatu inakikaribisha, inakipa kiti. Kinasema shida yake, kinaaga, kiti kinabaki wazi kwa mwingine. Kiti hicho ndicho soketi.

"Na kisipoaga?"

"Ndio ugonjwa wenyewe, Aama. Mawingu yakikaa siku tatu umeme wa jua unaisha, kisanduku kinazimika katikati ya maneno. Hakijaaga. Huku Karatu bado tunakishikia kiti. Kikiwaka tena kinapiga hodi upya, kinapewa kiti cha pili, na cha tatu. Viti viko mia mbili. Vikijaa watu wasiokuwepo, anayekuja na shida ya kweli anaambiwa hakuna nafasi."

Nikamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa siku ya Naserian.

"Sijui bado. Usinisukume."

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Lazaro alinisalimia. Nikaangalia paa.

Jumatano, 12 Machi

Leo amefuta mistari mia tisa na anapiga miluzi. Kazi gani hii ya kusifiwa kwa kufuta? Kumkaribisha mgeni tu uliandika mara saba, kila zahanati na karibu yake, na zote zinafanana isipokuwa jina. Edna amebakiza moja inayotosha wote. Anasema kuna kitu ulikiita "kitu", kingine "kitu2", na kingine "kitu2kipya". Baba yako alikuwa na ng'ombe kumi na wawili na kila mmoja alikuwa na jina lake. Umetokea wapi wewe?

Akaniambia, "Ni kama palizi, Aama."

"Usinifundishe palizi. Mimi gugu nalijua kwa jani. Wewe utajuaje hili ni gugu na hili ni haragwe, na yote ni herufi zilezile?"

Akanigeuzia kompyuta. Kumbe kabla hajang'oa anaandika kwanza jaribio, kipande kidogo kinachoiuliza programu swali ambalo jibu lake linajulikana. Aking'oa kitu chenye kazi, jaribio linawaka jekundu. Likibaki kijani, anang'oa kingine.

"Kaka hakuandika jaribio hata moja," akasema.

"Sasa alijuaje kama inafanya kazi?"

"Alikuwa anaiamini."

Nimekaa na neno hilo mpaka ugali ukaungua.

Ijumaa, 14 Machi

Mahindi yamechomoza vizuri, upande wa korongo yamesombwa.

Jumatano, 19 Machi

Nilikuwa napukuchua, Edna akaanza kucheka. Nikamwambia acheke kwa sauti ili nami nifaidi. Akasema kila pahali ulipoacha kitu hakijakamilika uliandika neno moja kwa herufi kubwa, NITARUDI, na sababu yake. Mashine hailisomi neno hilo, ni lako mwenyewe wewe na atakayekuja nyuma yako. Yapo thelathini na saba.

"Yasome yote," nikamwambia.

Akasoma.

"NITARUDI, namba hii nimekisia."

"NITARUDI nikishiba."

"NITARUDI, hapa inafanya kazi sijui kwa nini, mtu asiiguse."

"NITARUDI, Samunge wako mbali, wapewe muda zaidi."

Nilicheka kwa yale ya mwanzo, Xavery, nikakusikia sauti kabisa, umekaa pale dirishani na sweta lako lililotoboka kiwiko. Yalipofika kumi na tano sikucheka tena. Simuni unaniambia neno hilohilo, kwa sauti hiyohiyo. Nilidhani ni langu peke yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Lazaro amekuja. Mvua ilikuwa inapiga bati, tukalazimika kupiga kelele, na mimi kwa Lazaro nilikuwa tayari kupiga kelele hata bila mvua.

"Shikamoo, Mama Martini."

"Marahaba. Kaa. Kiti hicho kina mguu mbovu, usiegemee."

Nilimpa chai ya rangi. Maziwa yalikuwepo.

Edna akamuuliza kuhusu Jumatatu. Ameona kwenye kumbukumbu za mashine kwamba ilikuwa inazimwa na kuwashwa kila Jumatatu asubuhi, miezi na miezi.

"Ni Xavery," Lazaro akasema. "Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia mashine inahitaji kupumzika."

"Nawe ukakubali mashine inapumzika?" nikamwambia. "Mashine ina mgongo?"

"Mama, mimi nilisomea kuendesha zahanati. Aliyejua ni yeye."

Alipoondoka Edna akanieleza. Ukiizima na kuiwasha, viti vyote vinakuwa wazi. Ulijua vinajaa, Xavery. Ulijua, na kila Jumatatu ulikuwa unafagia wageni wasiokuwepo, na Jumanne wanaanza kujaa tena. Basi wiki ya Novemba mawingu yalikaa, visanduku vikazimika na kuwaka kama vimulimuli, na viti vikajaa kabla Jumatatu haijafika.

Bado sijasema ni kosa lako. Nasema tu ulijua.

Jumatano, 9 Aprili

Edna ameweka marekebisho. Mgeni akinyamaza dakika moja, kiti kinachukuliwa. Amekula sahani mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Sahani mbili zimemtokea puani.

Tangu asubuhi mvua ya mawe. Saa nne simu ikalia, ni Bibiana, nesi wa Ololosokwan, na alikuwa anapiga kutoka kilimani, upepo unasikika. Edna akaweka spika.

"Edna, hii mashine yako mpya ni mama mkwe? Naanza kusema, inanikata! Naanza tena, inanikata! Nina mtoto ana degedege hapa, nimeandika mara sita, nimeacha zahanati nimepanda mlima kwa magoti!"

Gari likatumwa kwa simu ile ile. Mtoto amepona, Bibiana alituarifu jioni, lakini Edna alikuwa amejifunika blanketi tangu saa sita, anasema yeye na kaka yake ni walewale. Kaka aliwashikia viti wasiokuwepo, na yeye amewanyang'anya waliopo.

Nikamwacha alie mpaka chai ikaiva. Kisha nikamfunua.

"Amka. Mtu wa polepole na mtu aliyeondoka, wote wawili hawasikiki. Utawajuaje?"

"Ndio swali lenyewe, Aama. Sijui niweke dakika ngapi."

"Dakika hazitakusaidia. Mzee akitoa baraka, watu wanaitikia kila mstari. Ukinipigia simu, mimi husema ehee, ehee. Unadhani ehee ni neno? Halina maana yoyote. Ni kukuambia tu kwamba sijaenda jikoni. Nisiposema ehee mara tatu, unafanyaje?"

"Nasema, Aama, upo?"

"Na nikinyamaza?"

"Nakata."

Akanitazama. Akaniambia wataalamu nao hufanya hivyo, anajua, lakini aliogopa kuongeza mzigo kwenye mtandao dhaifu. Nikamwambia ehee haina uzito. Akafikiri, akasema, kweli, ni herufi chache tu.

Ameandika upya. Sasa kila kisanduku, hata kama hakina la kusema, kila baada ya muda kinasema NIPO. Kikikosa mara tatu, kinaulizwa. Kikinyamaza hata hapo, ndipo kiti kinachukuliwa kwa heshima, na kikiwaka kinakaribishwa upya. Mtu anayesema polepole hakatwi, maana katikati ya maneno yake anaitikia.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Umepiga simu. "Nitarudi, Aama, baada ya sikukuu." Nilikuwa na jibu, lakini Qamara alikuwa ameingia na mguu wa mbuzi.

Alhamisi, 24 Aprili

Xavery, leo andiko ni refu. Kama umesimama, kaa.

Palizi ya pili tumemaliza asubuhi, Edna naye alishika jembe, mvua ikaturudisha. Saa nane akaniita. "Aama, njoo. Leta kigoda." Hajawahi kuniambia nilete kigoda.

Akaniambia mashine nayo ina shajara yake, inaandika kila kitu na saa yake, na ofisi haikutupa za nyuma. Ameifikia siku ile. Akanisomea. Saa tisa na dakika nne, Enguserosambu anapiga hodi. Hakuna nafasi. Saa tisa na dakika tano, Enguserosambu anapiga hodi. Hakuna nafasi. Nikamwambia endelea. Mara kumi na moja, mwanangu. Mara kumi na moja msichana yule wa zahanati alibonyeza, na hapa Karatu viti mia mbili vilikuwa vimekaliwa na hewa. Ya kumi na mbili haipo. Nadhani alikwenda kumshika mkono mgonjwa.

Kisha akafungua programu yako kama ulivyoiacha, mahali penyewe, pale ambapo mgeni akizimika ghafla anapaswa kuondolewa kitini. Hata mimi nisiyejua Java niliona. Mabano mawili, moja linafungua na moja linafunga, na katikati hakuna kazi yoyote. Kuna maneno tu. Edna hakutaka kuyasoma, kama alivyoyaruka siku ile ya yale thelathini na saba. Nikayasoma mwenyewe, herufi moja moja, kwa kidole.

NITARUDI KUFUNGA, AAMA ANANIITA.

Nikasoma tena, nikidhani nimekosea, maana herufi zangu unazijua.

Nikamuuliza Edna, "Nani mwingine anaitwa Aama hapa?"

Aama ni bibi kwa lugha yetu, bibi ni wengi, lakini wewe ulikaa kwangu.

Akaniambia hakuna kinachopotea katika kazi hii. Kuna ghala, kila mstari umehifadhiwa na jina la aliyeuandika, siku na saa. Ni tarehe 19 Aprili miaka mitatu iliyopita, Jumanne ya baada ya Pasaka, saa kumi na moja na dakika kumi jioni.

Siku hiyo naikumbuka bila ghala. Ng'ombe mwekundu aliteleza korongoni akiwa na mimba. Nilikuita nikiwa nimemshika mkia, matope yamenifika kifuani, na nilikuita kwa matusi. Ulikuja mbio, pekupeku. Tulimtoa giza linaingia. Nikakupa maziwa ya moto, nikakusugua mgongo kwa gunia, ukalala kama mfu. Nilikusifu wiki nzima.

Ningekuita tena, Xavery, usinielewe vibaya. Ng'ombe alikuwa anakufa. Lakini asubuhi yake ilikuwa kazi yangu kukuuliza: ulikuwa unafanya nini nilipokuita? Rudi ukamalize. Kwa maharagwe ningekuuliza. Kwa sufuria jikoni ningekuuliza. Kwa kompyuta sikukuuliza, kwa sababu moyoni nilikuwa nasema ni mchezo, kijana amekaa kivulini.

Basi nimepata jibu langu. Kosa ni lako. Uliacha mlango, ukajua umeacha, ukawa unafagia kila Jumatatu badala ya kurudi kuufunga. Na mimi nimo humo kwa jina.

Edna akaniuliza, "Haya maneno bado yapo hata kwenye mpya. Niyafute, Aama, au niyaache?"

"Umeshaandika kazi yenyewe mahali pake?"

"Tangu wiki mbili."

"Futa. Sasa ni uongo."

Ijumaa, 25 Aprili

Sikutoka nje.

Jumamosi, 26 Aprili

Qamara amekuja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia naona haya, si malaria. Akakaa tu akanisaidia kuchambua mboga. Nilikuwa nadhani mwanamke huyu hajui kunyamaza.

Jumamosi, 3 Mei

Zamani kwetu kulikuwa na metimani. Mtu aliyeguswa na kifo kibaya alikaa kando, hachoti maji na wenzake, haendi ngomani. Nyumba zilimwogopa. Nilipokuwa msichana niliona ni ukatili. Lakini siku zilikuwa na idadi, na zikiisha watu wenyewe walikuja kumtoa, wakamnyoa, akarudi kwenye maji. Wewe umejiwekea yako mwenyewe huko Mwanza, bila idadi na bila wa kukutoa. Hiyo haina mwisho, mjukuu wangu, unaweza kuzeekea humo.

Nimemtumia Lazaro ujumbe kwamba wakienda Enguserosambu kubadilisha kisanduku naenda nao. Akajibu barabara ni mbaya, mama. Nikajibu na mimi ni mbaya.

Ijumaa, 9 Mei

Tumerudi leo. Magoti yangu bado yako njiani.

Tulitoka jana alfajiri, tukapita lango la hifadhi, tukapanda ukingo wa kreta ndani ya ukungu hata pua ya gari haionekani, tukateremka tambarare kwenye jua. Lazaro ndiye alikuwa anaendesha. Saa tano nzima hakusema neno ila "shika hapo, mama" kwenye mashimo. Tukala viazi vyangu. Nilianza kumtazama mikono. Ni mikono ya mtu anayeijua hiyo barabara.

Tulipofika zahanati, Edna akafunga kisanduku kipya. Boma la Naserian liko hatua chache juu yake, kwa hiyo alikuwa ameshasikia gari akateremka. Ni binti, Xavery! Sikujua. Nilikuwa nimemfikiria mwanamke mkubwa. Ni wa umri wa Edna, na ana mimba ya miezi saba.

"Takwenya," nikamsalimia Kimasai kama Edna alivyonifundisha garini.

"Iko," akajibu, akanishika mkono. "Karibu, Koko." Koko kwao ndio bibi.

Akatupeleka nyumbani, akachemsha chai ya maziwa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Karatu, yote yakanitoka. Nikasema tu: aliyetengeneza mashine ni mjukuu wangu, aliacha kazi katikati kwa sababu mimi nilimwita, ng'ombe alikuwa korongoni. Nimekuja kuomba msamaha.

Alikoroga chai muda mrefu.

"Ng'ombe alipona?"

"Alipona."

"Ni vizuri. Ng'ombe akipona ni vizuri."

Nilitamani angenitukana.

"Koko," akasema, "huyu mzee," akamwonyesha Lazaro kwa kidevu, "anakuja kila miezi miwili. Analeta sukari, anakaa pale ulipokaa, hasemi, anaondoka. Nesi alikuja. Mchungaji alikuja. Sasa na wewe umekuja na miguu hiyo. Kila mtu ananiomba msamaha wa mtu mmoja, na huyo mtu mimi hata sura simjui. Nitampa nani?"

Lazaro alikuwa anaangalia ndani ya kikombe.

Mwaka mzima amekuwa akija hapa, na hakuwahi kusema, hata siku nilipomnyima maziwa kwa makusudi! Na mimi nilikuwa naangalia paa la kanisa.

Wakati wa kuondoka Naserian alimfuata Edna zahanati. "Hii sasa itaita?"

"Itaita."

"Wewe unasema."

"Bonyeza mwenyewe."

Akabonyeza. Mtu wa ofisini Karatu akapokea, sauti ikatoka kwenye kisanduku kipya: "Enguserosambu, nimekupata. Kuna mgonjwa?" Naserian akarudi nyuma hatua moja, akabonyeza tena. "Nimekupata, Enguserosambu. Ni jaribio?" Akabonyeza mara ya tatu. Nesi alitaka kumzuia, Edna akamwambia mwache. Alibonyeza mara nyingi, sikuhesabu, na kila mara akajibiwa. Mtu yule wa ofisini, Mungu ambariki, alikwishaelewa, hakuuliza tena. Alikuwa anasema tu, "Nimekupata. Nimekupata."

Jumanne, 20 Mei

Siku tisa za mvua bila jua. Visanduku vinazimika na kuwaka. Viti vilivyokaliwa saa hii ni sita, na wote sita wapo. Juzi Samunge waliita kwa ajili ya mzee aliyeumwa na nyoka, gari likafika akiwa bado anatukana.

Alhamisi, 29 Mei

Kamati imekaa. Programu inabaki. Wamemtaka Edna aitunze mwaka mwingine, naye amekubali kwa sharti kwamba kila atakayeigusa aandike majaribio. Mjumbe mmoja akauliza ni nani aliyeharibu mwanzo. Lazaro akasema, "Ofisi yangu." Edna akasimama akasema, "Ni kaka yangu, na sehemu kubwa aliyoijenga ni nzuri, ndiyo maana imesafishika."

Nimempelekea Lazaro lita mbili za maziwa. Alizipokea bila kuuliza ni za nini.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekatika. Asubuhi kulikuwa na ukungu wa baridi kutoka msituni, Edna anafunga begi, kesho anapanda basi la Mwanza na daftari hili.

Leo kanisani nimesimama wakati wa matangazo. Nikasema, kwa mwaka mzima nimewaambia hapa kwamba kosa la zahanati si la mjukuu wangu. Lilikuwa lake, na mimi nilichangia. Nikakaa. Padri akaendelea na tangazo la harambee ya bati.

Nimekuandikia haya yote ili ujue kwamba ninajua, na bado mimi ni bibi yako. Huna tena cha kunificha, kwa hiyo huna sababu ya kukaa huko.

Sasa sikiliza nitakavyokuagiza. Ukija, usije kwangu kwanza. Panda basi la Loliondo, ushuke Enguserosambu, na ufike kabla Naserian hajajifungua, yaani Juni hii hii. Mwambie nesi akuonyeshe boma. Simu zote mbili uzizime uziache begini. Usianze kueleza mashine, hakuna aliyekuuliza habari za mashine. Sema jina lako, sema wewe ndiye, kisha nyamaza akutazame anavyotaka. Mtoto hakuwahi kupewa jina, usiulize. Ukipewa chai, maliza. Ukipewa kazi, ifanye mpaka mwisho, hata kama kuna mtu anakuita. Akikufukuza, lala zahanati, asubuhi uende tena.

Ndipo uje Karatu. Pitia mlango wa jikoni, ule wa mbele umevimba kwa mvua.